Wenye magari, bajaji na pikipiki za umeme tukutane hapa: chombo chako kinalala wapi?

#1 Plagi ya Kimara

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya siku chache mtu anafungua uzi kuuliza "nina hela ya Toyota IST, nichukue gari la umeme?" Majibu huwa yale yale: kundi moja linasema utajuta, jingine linasema petroli imeshakufa. Ukichunguza, wengi wa pande zote mbili hawajawahi kumiliki hata pikipiki ya umeme. Huu naomba uwe wa wamiliki, na wale wanaoishi nao nyumba moja.

Naanza mimi. Natumia Nissan Leaf ya betri ya kWh 40, mtumba kutoka Japani. Naishi Kimara, kazi Posta, kwenda na kurudi pamoja na vizunguko vyangu ni kama kilomita 40. Gari linakula kama uniti 16 (uniti moja ni kWh moja) kwa kilomita 100, ila kuna zinazopotea wakati wa kuchaji, kwa hiyo kwenye mita zinasomeka 18 hivi. Niko Tarifu 1, ile bei ya kawaida ya umeme wa TANESCO, uniti moja ni shilingi 356 na senti zake. Siku ya kazi inanitoka kama 2,600. IST niliyouza ilikuwa inanipa kilomita 11 kwa lita kwenye foleni. Petroli ukiikadiria 3,000, hapo ni karibu elfu kumi na moja kwa siku. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya, siku hizi hata sishtuki.

Foleni ndiyo inayopendeza zaidi. Gari likisimama, mota haili kitu. Kinachokula ni AC, na saa nzima ya AC kwenye jua la Dar ni uniti moja au moja na nusu. Ukiachia mguu, gari linajifunga taratibu na kurudisha umeme kwenye betri, ndiyo maana breki pedi zinadumu mpaka fundi anauliza kama kweli unaendesha.

Sasa ninachotaka kusema. Watu wakiuliza kuhusu gari la umeme wanaanza na "linakwenda kilomita ngapi?" Mimi nikiulizwa nauliza: usiku linalala wapi? Una geti lako, mita yako, na unaweza kuvuta waya wako mwenyewe kutoka mensuichi? Kama jibu ni ndiyo, mengine yote yanazungumzika. Kama ni hapana, hata ukipewa bure fikiria mara mbili. Karibuni.

#2 Mkazi wa Bondeni

Mkuu, na mafuriko je? Sisi wa Jangwani tunauliza kwa nia njema.

#3 Fundi Breka

Mkuu wa Bondeni, betri imefungwa kwa chini na imezibwa isiingie maji, mvua ya kawaida na madimbwi haina shida. Ila maji yakifika usawa wa sakafu, usipite. Hata la dizeli usipite, kwani unawahi wapi?

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, sina gari la umeme, ila naitwa sana na wenye nayo. Mleta uzi kasema "uvute waya wako" halafu akapita haraka. Hapo ndipo pa kukaa.

Magari ya Japani yanakuja na waya wa kuchajia wa volti 200, ampea 15, na plagi yake ya ajabu isiyoingia kwenye soketi zetu. Mtu anafanya nini? Anaikata, anafunga plagi ya kawaida ya pini tatu ya buku mbili, anachomeka sebuleni, anapitisha waya dirishani. Plagi ile imeandikwa ampea 13. Pasi inavuta nyingi lakini inakata na kurudi, na baada ya nusu saa umemaliza kunyoosha. Gari linavuta ampea zake zote saa nane au tisa mfululizo, bila kupumua. Nimeitwa nyumba moja Goba nikakuta uso wa soketi umegeuka rangi ya chai ya maziwa, nikaigusa ikabonyea. Nyuma ya ukuta, waya wa milimita za mraba 2.5 umekakamaa na ngozi yake inadondoka vipande. Mwenye nyumba ananiambia "ila gari lilikuwa linachaji vizuri tu". Ndiyo, lilikuwa linachaji. Ukuta ndio uliokuwa unaungua.

Fanyeni hivi: sakiti ya peke yake kutoka kwenye mensuichi, waya wa 4 au zaidi kama umbali ni mrefu, breka yake, kinga ya kukata umeme unapovuja, na soketi ile ya bluu ya viwandani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari.

La pili ni baya zaidi. Chaja nyingi zinakagua arthi kabla ya kuanza. Nyumba isiyo na arthi, chaja inawasha taa ya hitilafu na kugoma. Kuna mafundi wenzangu, nasema kwa uchungu, wakiona hivyo wanaunganisha arthi na nyutro ndani ya soketi. Taa inazima, gari linachaji, fundi analipwa, anasifiwa. Siku nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, bodi lote la gari linakuwa na umeme, na mtoto anakuja kuligusa akiwa peku. Chimbieni nondo ya arthi. Fundi akisema "hiyo chaja ni mbovu, inasumbua," badilisheni fundi.

#4 Mpangaji Tabata

Hii ya kulala wapi imenigusa mwenyewe, ngoja nimwage.

Nimepanga Tabata, nyumba ya wapangaji wanne, mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, tunachanga. Gari nalaza ndani ya uzio. Kabla ya gari tulikuwa Tarifu 4, ile nafuu ya watumiaji wadogo, elfu moja inatoa uniti 8.2, maisha matamu. Nikamweleza mama mwenye nyumba, akasema sawa mwanangu, ilimradi ulipie chako. Nikaweka kimita changu kidogo ili kila uniti ya gari ijulikane. Nikajiona mstaarabu.

Tarifu 4 mwisho wake uniti 75 kwa mwezi. Gari peke yake linakula karibu 190. Mita ikahamishwa. Siku jirani wa chumba cha mbele alipoweka umeme wa elfu moja akapata uniti 2.8 alifikiri simu imekosea. Akarudia. Halafu akaja kunigongea mlango, na mkewe nyuma, na yule dada wa saluni nyuma yao.

Kimita changu hakikunisaidia kitu. Mimi nalipa uniti zangu zote, lakini wao uniti zao zimepanda bei karibu mara tatu kwa sababu yangu. Hawana makosa. Sasa hivi nachaji kwa shemeji Segerea mara mbili kwa wiki, naacha gari huko narudi na bodaboda. Faida ya petroli yote inaishia kwenye nauli na soda za shemeji.

#5 Plagi ya Kimara

@Mpangaji Tabata pole sana ndugu yangu. Umejaribu kuomba mita yako ya pekee?

#6 Mpangaji Tabata

Mama anasema nyumba siyo ya kwake peke yake, ni ya urithi, lazima wakae watoto wote. Mmoja yuko Songea. Unaelewa hiyo inamaanisha nini.

#7 Mama Wawili Lang'ata

Hamjambo wandugu wa Bongo. Niko Nairobi, naendesha gari ya umeme, na naona shida yenu ni yetu, imevaa nguo ingine tu. Huku wengi wetu tunakaa kwenye ploti na maghorofa. Parking iko, lakini ni ya wote na haina soketi, na mlinzi hana ruhusa ya kukupa umeme wa taa za ngazi. Mimi nilibahatika, mwenye nyumba aliniruhusu kuvuta laini kutoka mita yangu ya ghorofa ya pili mpaka chini. Jirani wa ghorofa ya saba hawezi.

Kenya tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na ukichaji usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, ni kama nusu ya bei ya mchana. Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini unahitaji mita ya peke yake kwa hiyo kazi, na tumerudi pale pale: mita utaifunga wapi kama ukuta si wako? Wenye mabasi na wenye pikipiki wananufaika kwa sababu wana depo. Sisi wa gari moja moja tunalipa bei ya nyumbani kama ya friji.

Kuhusu safari, nitawapa moja ambayo wa Dar hamwezi kuijua. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya Mombasa, barabara kama kilomita 485. Kushuka Mombasa gari inakula kidogo mpaka unajiona dereva stadi. Kurudi ndiyo utajua. Ile kupandisha tu gari ya kilo 1,600 mita 1,700 inahitaji karibu kWh 7 na nusu, na hizo ni kama kilomita 45 zako zimeliwa na mlima kabla hujahesabu upepo wala magunia ya maembe. Mtu akikwambia "nilienda Mombasa nikachaji mara mbili tu", muulize alirudi na nini.

#8 Mwenye Guta Tatu

Huu uzi umeegemea sana watu wa ofisini. Mimi nina guta za umeme, zile za matairi matatu, vijana wanabeba mizigo Kariakoo na Ilala, wananiletea hesabu jioni. Nawaambia ukweli wa biashara.

Umeme ni rahisi, hilo halina ubishi. Anayeua biashara ni betri ya asidi. Guta nyingi za bei nafuu zinakuja na betri za asidi tano au sita zimeunganishwa mfululizo, nzito kama dhambi, na hazitaki kukaushwa. Dogo anaona bado inasogea, anaongeza mzigo mmoja wa mwisho, saa kumi na moja jioni anaisukuma kwa mkono mpaka nyumbani. Kila ukiikausha hivyo unaikata umri. Ndani ya mwaka safari iliyokuwa ya asubuhi mpaka jioni inaishia adhuhuri. Halafu ukibadilisha betri moja mpya kati ya kuukuu nne, zile kuukuu zinaivuta mpya chini, kwa hiyo unabadilisha zote au unapoteza hela mara mbili.

Moja nimeihamishia kwenye lithiamu, zile za chuma na fosfeti. Bei yake niliiona nikakaa chini. Lakini hiyo inalala chajini usiku, inaamka imejaa, inachapa kazi kutwa, na dogo kaacha kunipigia simu saa tisa. Zilizobaki zinafuata, hela ikiruhusu.

Kuhusu kulala: zangu zinalala kwenye fremu niliyokodi yenye mita yake. Kodi ya fremu nimeiingiza kwenye gharama ya "mafuta". Mtu anayekwambia umeme ni bure kwenye guta hajahesabu fremu, wala mlinzi.

#9 Motari wa Nyabugogo

Salamu kutoka Kigali. Kiswahili changu mnisamehe.

Hapa tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haiandikishwi tena kwa kubeba abiria Kigali. Inayoingia kazini ni ya umeme. Mimi nilihama kabla sijalazimishwa. Pikipiki ni yangu, betri ni ya kampuni. Ikiisha naingia kituoni, natoa, naweka iliyojaa, naenda, abiria hata hajashuka vizuri. Kwa hiyo swali lenu la kulala wapi kwangu halipo, pikipiki inalala mlangoni bila waya.

Lakini lipo lingine. Jioni mvua ikikatika, wote tunataka betri saa moja ile ile, na unapanga foleni ya betri. Na huwezi kwenda mbali na vituo. Ndugu yangu alifiwa Nyamagabe, nilipanda basi.

#10 Mzee wa Yadi

Nimesoma yote. Mimi niko upande wa kuingiza magari, sitaji kampuni, nisije nikaonekana natangaza. Kwa anayetaka kununua mtumba wa umeme, angalia haya, mengine ni kelele.

Kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi hazikwambii afya ya betri. Kwenye Leaf kuna vibaa 12 pembeni ya kipimo cha chaji. Hivyo siyo chaji, ni uwezo uliobaki. Kibaa cha kwanza kikipotea maana yake kama asilimia 15 zimeshaondoka, vinavyofuata kila kimoja ni kama asilimia 6. Gari lenye vibaa tisa ni gari la mjini tu. Mwambie muuzaji akupigie picha ya dashibodi likiwa limewashwa. Akikupa picha ya viti na rimu, shukuru uondoke. Bora zaidi, kuna programu ya simu inaitwa LeafSpy, unachomeka kifaa kidogo cha bluetooth chini ya usukani inakwambia asilimia halisi ya afya na kama kuna seli iliyolegea kuliko wenzake.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inategemea hewa. Kwa joto la Pwani hiyo siyo habari ndogo. Usiliache juani likiwa limejaa asilimia 100 siku nzima. Chaji usiku, lifike 80 au 90, inatosha. Ila mwenye gari lenye betri kama zile za guta la mkuu hapo juu, za chuma na fosfeti, hizo zinataka kujazwa mpaka mwisho mara kwa mara ili kompyuta isipoteze hesabu. Kwa hiyo ushauri wa jirani yako usiuchukue kabla hujajua betri yako ni ya aina gani.

Skrini itakuja na Kijapani. Utazoea. Magari yanayoletwa moja kwa moja kutoka soko la ndani la China yanakuja na Kichina, na tundu la kuchajia ni la Kichina pia, kwa hiyo agiza na chaja yake au adapta kabla meli haijaondoka, siyo baada.

Na kuna kijibetri cha volti 12 kama cha gari lolote. Kikifa, gari lenye betri kubwa imejaa halitawaka na wala halitakubali kuchaji. Watu wanalipakia kwenye brekidauni wakidhani wameuziwa bomu. Bustisha tu kama IST.

#11 Mchaga Halisi

Hayo yote mazuri. Desemba je? Mimi gari bila kwenda Moshi siyo gari. Na mgao wa umeme ukirudi mtachaji kwa kuni?

#12 Plagi ya Kimara

Mkuu hapo umenipata nusu. Leaf kwenda Moshi siyo safari, ni mtihani. Morogoro ndiyo mwisho wangu, kama kilomita 190, spidi 80, naingia na asilimia chache halafu nachaji gesti usiku kucha baada ya kumalizana na meneja. Desemba napanda basi au tunakwenda na gari la shemeji. Dodoma napanda treni ya SGR, ambayo nayo ni ya umeme na sichaji mimi.

Mgao: tulipopitia ule wa mwishoni mwa 2023 watu walikatiwa kwa saa kadhaa, siyo siku nzima. Gari linahitaji saa tatu tu kurudisha kilomita zangu 40 na zaidi kidogo. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwaka 2024 mtaani kwetu tatizo siyo mgao, ni umeme hafifu jioni. Ukishuka sana chaja inajizima yenyewe, naamka saa nane usiku naiwasha tena.

#13 Mswahili wa Oslo

Nachungulia tu kutoka baridini. Huku Norway mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yalikuwa ya umeme, na bado ugomvi wa Tabata nimeuona kwa macho: wakazi wa jengo moja, umeme wa jengo mmoja, nani alipie nguvu kuongezwa. Kilichotuliza ni sheria. Mkazi wa nyumba za ushirika ana haki ya kuweka chaja sehemu anayoegesha, na uongozi wa jengo ukikataa lazima utoe sababu ya msingi. Gharama analipa mwenyewe, lakini hawezi kuambiwa "hapana" hivi hivi. Watu wanatutazama wanadhani ni ruzuku tu. Bila hiyo haki, watu wa maghorofani wangebaki na dizeli.

Mengine hatuwazidi. Januari ikifika nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, theluthi ya safari inaweza kupotea.

#14 Fundi Breka

@Mpangaji Tabata nimekuwa nakufikiria, nimepiga hesabu kwenye karatasi ya risiti.

Tuseme majirani zako watatu na wewe, bila gari, mnakula uniti 70 kwa mwezi. Tarifu 4 hiyo ni 8,540. Kwa Tarifu 1 uniti hizo hizo ni kama 24,900. Tofauti yote ni kama 16,400 kwa mwezi, kwa nyumba nzima. Wewe petroli ulikuwa unachoma ngapi? Hata 200,000? Basi lipa uniti zako zote za gari, halafu iweke hiyo tofauti mezani kila tarehe moja, wao waendelee kuchanga kana kwamba bado mko Tarifu 4. Nani atalalamika? Kodi ya jengo 1,500 inayokatwa humo humo ilipie pia, uonekane mtu mzima. Utabaki na faida kubwa kuliko soda za shemeji.

Ila kwanza nije nikague waya wa hiyo nyumba ya urithi.

#15 Plagi ya Kimara

Fundi, hii ni akili. Mbona sisi wote hatukuiona?

#16 Mpangaji Tabata

Wakuu, nimeipeleka kikaoni jana jioni, uani, na viti vya plastiki. Nikawaonyesha hesabu ya fundi kama ilivyo. Mama mwenye nyumba kaelewa kabla ya wote, kauliza swali moja tu, kama gari litalipuka watoto wakiwa wamelala. Nikamwambia fundi anakuja Jumamosi kuchimbia arthi na kuweka soketi yake nje, mbali na dirisha. Akakubali.

Dada wa saluni kakubali pia. Jirani wa chumba cha mbele kasema yuko tayari, lakini kwa kuwa sasa bei ya uniti kwake haipandi tena, yeye ataleta friji la pili la kuuzia maji na juisi.

#17 Mwenye Guta Tatu

Mfungieni kimita na yeye.